Kalibu Inayovunjwa: Nta, Fedha na Shaba katika Nchi ya Musonoi

Kwa zaidi ya miaka elfu moja mafundi wa ukanda wa shaba wa Katanga, kusini mwa Kongo, walijua kuyeyusha na kumimina. Ufundi wa kuchonga kito kwa nta ulistawi kwingine. Sababu zake ni somo zuri kwa fundi wa vito wa Kolwezi leo.

Pete ya fedha iliyogongwa namba 925 kwa ndani si fedha tupu. Katika kila gramu 1,000 za metali hiyo, 925 ni fedha, na 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Fedha safi ni laini mno. Pete yake hupinda kidoleni, na nakshi iliyochongwa juu yake hufutika upesi kwa kusuguana na nguo na vyombo. Shaba kidogo ndiyo inayoipa ugumu wa kuvaliwa kila siku. Kwa hiyo sonara yeyote wa fedha, awe Mombasa, Muscat au Antwerp, ni mteja wa shaba, hata kama hajui ilichimbwa wapi.

Musonoi, kando ya jiji la Kolwezi katika jimbo la Lualaba, shaba haihesabiwi kwa gramu. Musonoi ni jina la mto, la mgodi na la makazi ya wafanyakazi yaliyojengwa enzi za Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji iliyotaifishwa mwanzoni mwa 1967 na kuzaa Gécamines. Mabamba ya shaba yanayotoka katika viwanda vya ukanda huu hupakiwa kwenye malori na mabehewa kuelekea Durban, Dar es Salaam na Lobito. Mwaka 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikiwa ya pili duniani nyuma ya Chile.

Kabla ya malori hayo, watu wa nchi hii walikuwa tayari wameyeyusha shaba kwa karne nyingi na kuivaa shingoni, mikononi na kiunoni. Misitu ya miombo inayoizunguka Kolwezi ina nyuki wengi, na penye nyuki pana nta. Ili kuchonga kito kwa nta na kukigeuza kuwa metali, fundi anahitaji nta, udongo, moto na metali ya kuyeyusha. Vyote hivyo vilikuwapo. Hata hivyo ufundi huo ulikomaa Igbo-Ukwu, Ife na Benin za Nigeria ya leo, upande wa magharibi, na Ethiopia upande wa kaskazini, huku Katanga ikishika njia nyingine. Kwa nini?

MALAKITI NA KICHUGUU

Karibu na Lubumbashi, mahali paitwapo Naviundu, wanaakiolojia walikuta mabaki ya kuyeyushia shaba ya takriban karne ya 4. Ufundi ulioanza hapo uliendelea bila kukatika hadi mwisho wa karne ya 19, na habari zake za mwisho ziliandikwa wakati wazee waliokuwa wameufanya wangali hai. Aliyeandika kwa kirefu ni Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenediktini aliyekuja kuwa askofu wa Katanga. Mwaka 1926 alichapisha makala kuhusu watu aliowaita walaji wa shaba.

Kazi ilikuwa ya kiangazi. Mtama ukishavunwa, watu walihamia karibu na vilima vya madini na kupiga kambi. Wanawake na watoto waliokota malakiti juu ya ardhi, wanaume wakashuka mashimoni na sururu za chuma. Malakiti ni jiwe la kijani lenye mistari ya kukolea na kupauka, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Halihitaji kiwanda. Likipashwa moto hutoa maji na hewa ukaa, likawa jeusi. Kisha gesi ya makaa huunyang'anya weusi huo oksijeni yake, na shaba hutiririka chini ya tanuri.

Tanuri lenyewe lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Mchwa wameshausaga na kuuchuja udongo huo, nao huvumilia moto kuliko udongo wa kawaida. Mivukuto ilikuwa ya ngozi za swala. Makaa yalichomwa kutokana na miti iliyochaguliwa, kwa sababu shaba haiyeyuki hadi moto ufike nyuzi joto 1,085. Bwana wa tanuri alikuwa na dawa zake na miiko yake, na elimu hiyo ilirithishwa ndani ya chama cha mafundi.

Shaba ya kwanza ilikuwa chafu, ikabidi iyeyushwe tena. Hapo ndipo ilipomiminwa katika kalibu. Kalibu ya Katanga ilikuwa ya wazi, yaani shimo lenye umbo lililotakiwa, lililochorwa katika mchanga au kukatwa katika udongo wa kichuguu. Fundi alimimina, akasubiri, akanyanyua. Umbo likiharibika, alichora jingine. Akitaka mia, alichora mia.

MSALABA ULIOANZA KIFUANI

Umbo lililoshinda mengine yote ni msalaba. Si msalaba wa Kikristo. Ulikuwapo karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza. Una mikono minne inayokaribiana kwa urefu, mara nyingine kama herufi X, mara nyingine kama H. Historia yake inasomeka vizuri zaidi mbali na migodi, karibu kilomita 300 kaskazini mwa Kolwezi, ambako mto Lualaba unatandaa na kuwa mabwawa na maziwa ya Bonde la Upemba.

Huko Sanga, ukingoni mwa Ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimbua makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958. Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo miaka ya 1970 na kuyapanga makaburi ya bonde zima kwa vipindi. Upemba haina shaba. Kila kipande kilichokutwa humo kilisafiri kutoka kusini, kutoka nchi ya vilima vya kijani.

Katika kipindi cha Kisale, karibu karne ya 10 hadi ya 13, shaba ilikuwa pambo. Wafu walizikwa na bangili, mikufu, minyororo iliyosokotwa kwa waya mwembamba na mishipi ya waya. Ni kazi ya mkono wa subira, ya mtu anayehesabu pete za mnyororo moja baada ya nyingine. Misalaba ilikuwa adimu. Katika kipindi cha Kabamba kilichofuata, misalaba inaanza kuonekana mara kwa mara, mwanzoni mmoja mmoja na mkubwa, umelazwa juu ya kifua cha marehemu. Hapo bado ni alama ya heshima.

Kisha jambo linageuka. Karne zinavyosonga misalaba inapungua ukubwa, inaongezeka idadi, na inazidi kufanana. Haikai tena kifuani. Iko mikononi na nyongani, kwa mafungu, mingine ikiwa na urefu wa sentimita chache tu. Wanaakiolojia wengi wanaona hapo kuzaliwa kwa sarafu: kitu kidogo chenye kipimo kinachojulikana, kinachohesabiwa na kubebwa kiunoni. Wakati huohuo minyororo na mishipi ya Kisale, ile kazi ya subira, inafifia makaburini.

Kalibu ilikuwa na sehemu yake katika mabadiliko hayo. Kalibu ya wazi ni rafiki wa kurudia. Ukishakubaliana na jirani kuhusu umbo na uzito, kila fundi anaweza kulitoa umbo hilohilo, na thamani ya msalaba haitegemei tena nani ameutengeneza. Kinachofaa kwa pesa ndicho kinachoua pambo.

Msalaba huo haujaondoka machoni. Katanga ilipojitangazia uhuru mwaka 1960, bendera yake ilibeba misalaba mitatu ya shaba, na sarafu zake za faranga za mwaka 1961 zilichongwa msalaba upande mmoja. Pesa mpya iliapa kwa pesa ya zamani. Lubumbashi kuna kwaya inayoitwa Waimbaji wa Msalaba wa Shaba, yenye historia ya tangu enzi za ukoloni. Msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliiunganisha historia ya kwaya hiyo na picha za kiwanda cha kuvuta nyaya za shaba katika filamu aliyoionyesha kwenye maonyesho ya Documenta ya mwaka 2017.

RIALE ILIYOYEYUSHWA

Pwani ya Uswahilini njia ilikwenda kinyume. Huko pesa ndiyo iliyogeuka pambo.

Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, iliendelea kupigwa chapa ya mwaka 1780 muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kufa. Ina gramu 28 na nukta ya metali, na fedha ni sehemu tano kwa sita ya uzito huo. Sehemu iliyobaki ni shaba. Katika karne ya 19 iliaminika kutoka Muscat hadi Unguja, kutoka Massawa hadi nyanda za juu za Ethiopia, kwa sababu kila mtu alijua imechanganywa kwa kiwango kilekile. Kwa sonara, hiyo ilikuwa malighafi iliyokwisha kupimwa. Mteja alikuja na riale zake mkononi, akazihesabu mbele ya fundi, na baada ya siku kadhaa akachukua bangili, furungu au mkufu wa uzito huo, akalipa kazi ya mkono.

Masonara wa Oman na wa pwani yetu walipenda zaidi kufua, kukunja bamba, kusuka waya na kuunganisha chembe ndogo za fedha kwa moto. Ethiopia waliongeza njia nyingine. Misalaba ya shingoni ya nchi hiyo, ambayo mingi ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ilitokana na riale zizohizo, ilikatwa katika bamba au kumiminwa. Misalaba mikubwa ya kubebwa kwenye maandamano ya kanisa ilisubiwa kwa nta tangu karne za kale. Fundi aliutengeneza msalaba kwa nta pamoja na matundu na visuko vyake vyote, akaufunika kwa udongo, akaichoma nta itoke, akamimina metali katika nafasi iliyoachwa. Kuutoa msalaba kulihitaji kuuvunja udongo. Msalaba wa pili ulihitaji nta nyingine na saa nyingine za kazi ya mkono, na kwa hiyo haukuwa sawa na wa kwanza.

Basi tazama misalaba miwili ya Afrika. Mmoja, wa Katanga, umemiminwa katika kalibu ya wazi ili ufanane na wenzake, ukawa pesa. Mwingine, wa Ethiopia, umezaliwa na nta, na mara nyingi kutokana na pesa iliyoyeyushwa, ukawa wa pekee yake.

NTA INAVYOFANYA KAZI

Ufundi wa leo wa vito vya kuchongwa unafuata hatua zilezile, ingawa vifaa vimebadilika. Fundi huanza na nta ngumu ya kuchongea, inayouzwa kwa matofali au kwa mirija yenye tundu la kidole. Nta hiyo si ya kubonyezwa. Hukatwa kwa msumeno wa uzi, hupunguzwa kwa tupa na kuchongwa kwa visu vidogo, na mafundi wengi hutumia vyombo vya daktari wa meno. Palipokatwa zaidi ya kipimo, ncha ya chuma iliyopashwa moto hudondosha tone la nta na kuziba. Hii ndiyo sababu wachongaji wanaipenda. Jiwe au mti ukikosea umekosea. Nta inaongezwa na kupunguzwa hadi mkono uridhike.

Kabla ya kuendelea, kazi huinuliwa kwenye mwanga. Nta nyembamba hupitisha mwanga, nene huuzuia, na kwa kuitazama fundi anajua mahali ambapo fedha itakuwa nzito bila faida au dhaifu kiasi cha kuvunjika. Kisha hupima. Fedha ya 925 ina uzito wa zaidi kidogo ya mara kumi ya nta yenye ujazo uleule, kwa hiyo pete ya nta ya gramu 1 itadai gramu 10 na kitu za fedha, pamoja na ziada ya kujaza mrija.

Mrija ni kijiti cha nta kinachounganishwa na kito mahali penye unene zaidi. Ndio njia ya nta kutoka na ya fedha kuingia. Ukiwekwa vibaya, fedha huganda njiani kabla ya kufika mwisho wa jani au kidole cha sanamu. Kito na mrija wake husimamishwa ndani ya mkebe wa chuma, kisha humwagiwa uji wa jasi iliyochanganywa na unga wa silika. Mkebe hutikiswa ili mapovu yapande juu, maana kila povu linaloshikamana na nta litakuwa kichunusi cha fedha kesho.

Jasi ikikauka, mkebe hulazwa tanurini mdomo ukiwa chini. Joto hupandishwa polepole kwa saa nyingi hadi nyuzi 700 na kidogo. Nta huyeyuka, hutiririka, na mabaki yake huungua yote. Haraka hapa huipasua jasi. Kisha joto hushushwa, kwa sababu kalibu ya moto kupita kiasi huifanya fedha iwe na uso wa kukwaruza wenye matundu.

Fedha huyeyushwa katika chungu kidogo pamoja na boraksi kidogo ya kuzuia uchafu. Fedha ya 925 huwa maji chini ya nyuzi 900 hivi, karibu nyuzi 200 chini ya shaba tupu. Lakini kumimina peke yake hakutoshi. Nakshi nyembamba zinahitaji msukumo. Karakana kubwa hutumia mashine ya kuzungusha au pampu ya ombwe. Karakana ndogo zina hila ya zamani: kifuniko chenye karatasi zilizoloweshwa hubanwa juu ya mkebe wa moto, maji yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke huisukuma fedha hadi ncha ya mwisho. Haihitaji umeme.

Mkebe ukichovywa majini, jasi hubomoka kwa kishindo na kito hutoka kikiwa cheupe na kichafu. Bado mrija ukatwe, kito kioshwe kwa asidi nyepesi, kipigwe tupa, kisuguliwe na kung'arishwa. Doa la kijivu chenye zambarau linalowasumbua masonara wa fedha wakati huo ni shaba iliyomo ndani, iliyokutana na oksijeni chini ya uso. Hata katika fedha, shaba hudai ionekane.

KWA NINI SHABA ILIIKATAA NTA

Turudi Katanga. Jibu la kwanza liko katika metali yenyewe. Shaba tupu iliyoyeyuka hunywa oksijeni na hidrojeni. Ikianza kuganda, gesi hizo huungana kuwa mvuke wa maji na kutafuta pa kutokea. Katika kalibu ya wazi zinatokea juu, uso ukakwaruzika, na msalaba unabaki mzima. Ndani ya udongo uliofungwa hazina njia; zinaacha matundu katikati ya kito. Tena shaba tupu ni nzito kutiririka, huganda kabla ya kuingia katika nakshi. Wanaosubu kwa nta huichanganya na bati, risasi au zinki, au huichagua fedha.

Igbo-Ukwu, nchini Nigeria, ushahidi uko wazi. Vyombo vya karne ya 9 na 10 alivyovichimbua Thurstan Shaw kuanzia mwaka 1959 vinaonyesha mafundi waliojua tofauti hiyo vizuri. Vilivyosubiwa kwa nta ni vya shaba iliyochanganywa na bati na risasi. Vilivyofuliwa kwa nyundo na kusokotwa ni vya shaba karibu tupu. Ife walithubutu kusubu baadhi ya vichwa kwa shaba karibu tupu, na mpaka leo wataalamu wa metali huvitaja kama kazi ya ajabu kwa sababu hiyo. Vito vya kale vya Katanga na Upemba ni vya shaba isiyochanganywa kwa sehemu kubwa. Fundi wake hakuwa mjinga wa nta. Alikuwa na metali iliyopenda nyundo.

Ndiyo maana ufundi wa vito ulikwenda kwenye waya. Wayeke, waliotoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19 na kumfuata kiongozi wao Msiri hadi Bunkeya, walikuwa mabingwa wa kuvuta waya. Fimbo ya shaba ilifuliwa hadi ikawa nyembamba, ncha yake ikapenyezwa katika tundu la kipande cha chuma, ikavutwa kwa nguvu za watu. Kisha tundu dogo zaidi, na dogo zaidi. Waya mwembamba ulizungushiwa nyuzi au manyoya ya mnyama ukawa bangili inayokunjika. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na afisa wa msafara wa kikoloni ulioongozwa na Stairs, na kampuni za kigeni zilipopata haki za madini, waya na misalaba ilipungua hadi kubaki vitu vya makumbusho.

Jibu la pili liko katika biashara. Nta haikukosekana, ilikuwa na mnunuzi. Magharibi mwa Kolwezi wanaishi Wachokwe, waliojulikana katika karne ya 19 kwa kupeleka nta na pembe za ndovu hadi Benguela na Luanda, ambako meli ziliipakia kwa ajili ya Ulaya. Nta iliuzwa kwa mzigo, shaba ikauzwa kwa msalaba. Kila kimoja kilisafiri njia yake, na havikuwa na sababu ya kukutana mezani kwa fundi mmoja.

FEDHA HAIKO MBALI

Katanga haijulikani kwa fedha, lakini metali za thamani za vito zimekuwa zikijitokeza ndani ya shaba yake. Mgodi wa Kipushi, karibu na mpaka wa Zambia, ulitoa fedha pamoja na shaba na zinki. Ruwe, inayoitwa leo Mutoshi, jirani ya Musonoi, ilichimbwa dhahabu mwanzoni mwa karne ya 20, na mawe yake yalikuwa pia na platini na paladi. Musonoi yenyewe ina sifa ya pekee katika elimu ya madini. Kati ya mwaka 1965 na 1971 wanasayansi walielezea kwa mara ya kwanza madini kadhaa yaliyotoka katika mgodi huo, yakiwemo guilleminite, demesmaekerite, marthozite na derriksite, mengi yakiwa na majina ya wakubwa na wataalamu wa Union Minière. Oosterboschite, iliyotambuliwa mwaka 1970, ina paladi, metali ambayo masonara wa sasa huitumia katika dhahabu nyeupe. Ni chembe za darubini, si za biashara, lakini zimeliweka jina la Musonoi katika droo za makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Kito kinachouzwa Kolwezi kwa sasa ni malakiti. Mafundi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi huikata, huisugua kwa maji na kuipa mng'aro, wakitoa shanga, mayai, visanduku na tembo wadogo. Wana macho ya kusoma mistari ya jiwe, na mkono uliozoea kuchonga kitu laini bila kukivunja. Huo ndio mkono unaohitajika kwa nta. Mchongaji wa malakiti anayehamia kwenye nta hajifunzi kuchonga upya. Anajifunza kufikiri kwa fedha, yaani mahali pa mrija, unene, na njia ya metali.

Fedha na malakiti zinapatana pia machoni, nyeupe na kijani, lakini zina masharti. Malakiti ni laini na ni kaboneti. Asidi ya kuoshea fedha huila, na moto wa kuunganishia huigeuza nyeusi, kama lilivyofanya tanuri la kichuguu. Kwa hiyo jiwe huwekwa mwisho kabisa. Fundi anachonga nta ikiwa na kikombe cha jiwe, anasubu, anaosha, anang'arisha, kisha anatia malakiti na kuibana kwa ukingo wa fedha kwa mkono, bila moto. Vumbi la malakiti lina shaba na la jasi lina silika; yote mawili huharibu mapafu, kwa hiyo maji na barakoa ni vifaa vya kazi kama tupa.

MTAJI WA KARAKANA NDOGO

Hakuna kitu katika orodha ifuatayo kinachohitaji mgodi. Tanuri dogo la makaa au gesi, mikebe ya chuma, jasi, chungu, koleo, tupa, msumeno wa uzi, na kifuniko cha mvuke kwa siku ambazo umeme haupo. Badala ya nta ngumu ya kununua, fundi anaweza kuanza na nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa mti ili ikazike, kama walivyofanya mafundi wa kale. Fedha ya kwanza inaweza kutoka katika vito vilivyovunjika. Katanga ina Akademia ya Sanaa ya Lubumbashi, iliyoanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951, na ina shule za ufundi zinazofundisha uchomeleaji na umeme. Darasa la kusubu kwa nta linaingia humo bila jengo jipya.

Hesabu yake inasema vizuri kuliko hotuba. Mwaka 2024 tani ya shaba iliuzwa katika soko la metali la London kwa wastani wa dola zaidi ya 9,000 kidogo. Kwa bei hiyo, gramu 75 za shaba zilizomo katika kilo ya fedha ya 925 hazifiki dola moja. Fedha inagharimu zaidi, lakini nayo ina bei inayojulikana kwa kila gramu. Kilo hiyo ikigawanywa kuwa pete za gramu 10, ni pete karibu mia. Kinachozitofautisha ni saa zilizotumiwa mbele ya kipande cha nta.

Msalaba wa shaba ulikuwa na thamani kwa sababu ulifanana na mwingine. Bamba la shaba linalopakiwa kwenye lori linafuata kanuni ileile: usafi wa kiwango kimoja, uzito wa kiwango kimoja, na bei inayoamuliwa mbali. Kito cha nta kinaenda kinyume. Kalibu yake imevunjwa, na hakuna soko la dunia linaloweza kutangaza bei ya kitu ambacho kipo kimoja. Fundi na mteja wake wanakaa Kolwezi na kuipanga wenyewe.